Kaka kamvua pete mwenzetu, nami nikamwekea zimwi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mimi ni kijana wa Mombasa, nina miaka 27. Usiku nahudumia wazee katika makao yao, mchana nasoma. Huku baridi ikiingia Novemba watu hujifungia ndani hadi Aprili, na kama huna jambo la kukukutanisha na wenzio utaishia kuzungumza na friji. Jambo letu sisi ni mchezo wa Dungeons & Dragons. Tuko watano: mimi, kaka yangu, dada mmoja wa Kisumu anayesomea uuguzi, jamaa wa Arusha anayeendesha malori, na Mmarekani mmoja tuliyefanya naye kazi, ambaye ndiye aliyetufundisha. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, tunakutana kwangu. Chai ya tangawizi, mandazi, siku nyingine pilau.

Kwa wasomaji wako wasioujua: kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wetu ndiye mwendesha mchezo. Huyu husimulia dunia ilivyo na kuwaigiza maadui. Wengine husema wahusika wao wanafanya nini. Penye shaka, dadu la nyuso 20 ndilo linaloamua, na ishirini ndiyo bora kuliko zote. Mwendesha mchezo ni mimi.

Huyu kaka ni mtoto wa mama mkubwa. Alinipokea uwanja wa ndege nikiwa na koti la kuazima, nikalala kwenye kochi lake miezi saba bila kudaiwa hata senti ya umeme. Amenizidi miaka tisa. Nayataja haya mapema ili uelewe kwa nini nimekuwa bubu.

Mezani kaka ni mchawi, na ana mambo matatu. La kwanza ni dadu lake. Hulirusha karibu na kifua, na kabla halijatulia keshalifunika kwa kiganja: "Ishirini!" Kikao kimoja nilihesabu kimyakimya. Alirusha mara 11, akatangaza ishirini mara nne. La pili, zamu yake haimtoshi. Dada wa Kisumu akinyamaza kidogo kufikiri, kaka keshamwamulia: "Wewe mganga, njoo unitibu." La tatu ndilo lililotufikisha hapa.

Tulikuwa pangoni, mganga wa dada amezungukwa na majambazi sita. Kaka akasema anarusha mpira wa moto. Nikamkumbusha kuwa moto ule unaenea futi 20 kutoka ulipoangukia, na mganga yumo ndani. "Najua. Mhusika wangu hajali, ndivyo alivyo." Akarusha madadu manane ya nyuso sita, jumla 33. Majambazi wakaisha, mganga naye akaanguka. Sasa, anayeishiwa uhai katika mchezo huu hafi papo hapo. Kila zamu yake hurusha dadu: akifaulu mara tatu ameponea, akishindwa mara tatu amekwenda. Dada alikuwa amefaulu mara moja na kushindwa mara moja wakati kaka alipotangaza kuwa mchawi wake anamvua pete ya kinga, pete tuliyoisaka miezi mitatu. Akacheka. Mimi mwenye uwezo wa kusema hapana nikasema, "Haya, pete unayo."

Dada aliendelea kurusha, mganga akapona. Kikao kilipokwisha akakunja karatasi yake, akaosha kikombe chake, akaaga vizuri. Kikao kilichofuata hakuja, alisema ana zamu kazini. Kilichofuata tena, zamu.

Niliwaka, lakini kaka sikumwambia neno. Nikamwekea zimwi. Kitabu chetu cha mchezo, cha 2014, kinalipatia zimwi la aina ile pointi 84 za uhai, na vidonda vyake hujifunga vyenyewe, ila likiunguzwa kwa moto havijifungi. Mchezaji yeyote mzoefu anajua hilo. Nyuma ya kiwambo changu, kile kinachoficha karatasi na madadu ya mwendesha mchezo, nikalipatia pointi 150, na moto wa kaka ulipolipata nikasema haulidhuru hata kidogo. Kaka akanitazama. "Mdogo wangu, moto?" Nikamwambia hili ni zimwi la namna nyingine. Zamu mbili baadaye mchawi wake alikuwa maiti. Akakusanya madadu yake, akavaa koti, akasema hakujua kama nimemwekea moyoni kiasi hicho, akatoka.

Juzi mama mkubwa kapiga simu kutoka Mombasa. "Eti mmegombana na kakako kwa sababu ya zimwi?" Nilikosa jibu. Shangazi, nimwombe radhi mtu anayeiba dadu? Au nivunje meza, kila mtu ashike njia yake?

Mwendesha mchezo, Brooklyn Park

N.B. Mmarekani wetu analalamika kwamba tukichangamka tunahamia Kiswahili naye hubaki akitazama mandazi. Nalo hilo ni kosa?

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Ndani yake yumo mtu mmoja anayeshukiwa kudanganya na mmoja aliyekiri. Aliyekiri ni wewe.

Usikunje uso, nitafika kwa kaka. Lakini tulia kwanza kwenye zimwi. Mwendesha mchezo ana ruhusa ya kuunda zimwi lisiloungua. Dunia ni yake. Angetaka, angetanguliza dalili: mwanakijiji aliyejaribu kulichoma akarudi na mkono mmoja, au msitu mzima umeteketea na nyayo za zimwi zinatoka katikati ya majivu. Wachezaji wangejikuna kichwa, wangejipanga upya. Wewe hukuunda zimwi, uliunda adhabu. Ulingoja moto umfike, kisha ukabadilisha sheria mbele ya macho ya mtu anayezijua, na alipokuuliza kwa upole ukamdanganya. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lako lilikuwa linamjua kaka vizuri na likammaliza.

Na unaishi mahali penye historia ya jambo hili hasa. Mwaka 1969, hapo hapo Minneapolis na St. Paul, David Wesely aliwaalika wenzake waliozoea kucheza vita vya vikosi mezani, lakini badala ya kumpa kila mtu jeshi akawapa wengi wao mtu mmoja mmoja wa kuigiza katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Mambo yakamponyoka. Wachezaji walijitenga pembeni wakipanga njama zao, wakamjia na maswali yasiyo na jibu katika sheria zake, naye akaona usiku ule umeharibika. Wao wakataka mwingine. Mmoja wao, Dave Arneson, aliendeleza fikra hiyo kwa dunia yake ya Blackmoor, na baadaye pamoja na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakautoa mchezo wenu mwaka 1974. Hebu fikiri walikuwa na nini kabla ya vitabu hivi vizito mnavyobeba: mtu mmoja katikati waliyekubaliana kumwamini akisema "imekuwa" au "haikuwa". Hiyo ndiyo mali uliyoitumia kumuua mchawi wa kakako.

Sasa kaka.

Mzee wetu alikuwa mcheza karata wa barazani. Mtu akikonyezana na mwenzie, karata zilikusanywa papo hapo na jina lake likataniwa mwezi mzima. Lakini karata zina mshindi na mshindwa. Aliyeiba alimwibia mpinzani. Nilipoketi mara ya kwanza na wapwa zangu kucheza mchezo kama wenu (walinipa mwizi, nikamfanya mwizi mwenye magoti mabovu, yaani mimi), nilitafuta mpinzani nikamkosa. Wote tuko upande mmoja. Basi mwenye ishirini za uongo anamwibia nani? Anamwibia aliyekaa kando yake. Mchawi asiyekosa hahitaji kuokolewa, hahitaji mlango ufunguliwe na mwingine, wala hahitaji mganga. Kosa moja la kweli la kaka lingempa dada wa Kisumu dakika tano za kuwa shujaa. Dakika hizo zimeliwa.

Ila nakutaka usimtamkie neno wizi. Hesabu yako nimeipiga. Dadu la nyuso 20 huleta ishirini mara moja kati ya 20, na kuzipata nne au zaidi katika kurusha mara 11 ni jambo la mara moja katika takriban 640. Inatia shaka, naam. Lakini sheria zenu zina mahali ambapo mtu mwenye nafasi nzuri hurusha madadu mawili na kuchukua kubwa, na hapo ishirini hukaribia moja kati ya kumi. Kama kaka alirusha hivyo muda wote, nne kati ya 11 inakuwa mara moja katika 60 hivi. Wewe hukuandika zipi zilikuwa za namna gani. Ulichonacho ni shaka, na ukimwekea kaka mkubwa shaka mezani atajitetea mpaka Ramadhani, tena kwa haki.

Badala yake chukua sinia, hilo hilo la pilau likishaoshwa, liweke katikati. Kila dadu linaangukia humo na linaachwa mpaka wote walione. Na lako pia. Ondoa kiwambo wakati wa mapigano, angalau miezi hii ya kwanza. Wapo waendesha mchezo hodari wanaokiona kiwambo kuwa cha lazima, na siwapingi. Wao hawajamwua ndugu yao nyuma yake. Ukitangaza sinia kwa kosa lako, kwamba wewe ndiye uliyeficha na wewe ndiye unayefungua, hakuna atakayejiona anafungwa pingu. Tabia ya kiganja itakufa bila kutajwa.

Kwenye moto na pete sitakuwa laini hivyo.

"Ndivyo mhusika wangu alivyo." Sentensi hii ina umri mrefu katika mchezo wenu, na nadhani karibu kila meza imewahi kuisikia. Mhusika hana ulimi wala hana mkono. Kaka ndiye aliyemwumba asiyejali, na angeweza kumwumba asiyejali watu wote isipokuwa hawa watatu anaosafiri nao. Ndiyo kazi ya kwanza ya kila mchezaji kabla ya kugusa dadu: kutafuta sababu inayomfanya mtu wake avumilike kwenye msafara. Mchawi anayewachoma wenzake na kuwavua pete wangekwisha kumwacha njiani zamani, ila hawawezi, kwa kuwa nyuma yake ameketi mtu wanayemheshimu. Heshima hiyo ndiyo aliyoitumia kama ngao, labda bila hata kujua.

Na wewe ulikuwa na swali moja tu la kuuliza kabla madadu manane hayajaanguka. Ungemwacha mchawi, ungemgeukia mtu: "Kaka, wewe mwenyewe unataka tumchome mwenzetu?" Watu wengi hulegea hapo. Wakisisitiza, kuna kanuni ambayo meza nyingi huitumia nami naipenda: ukimfanyia jambo mhusika wa mchezaji mwingine, anayeamua kama jambo hilo limefaulu ni huyo aliyefanyiwa. Unataka kumvua pete? Muulize mwenye pete. Wapo mabingwa wa kusalitiana ambao wangesema ndiyo na wakafurahi. Dada wa Kisumu hakuulizwa.

Najua utasema umri. Mwanangu, refa wa mechi za mtaani akiwa mdogo wa nahodha, filimbi yake haisemi shikamoo kwanza. Nje ya uwanja anampisha kiti. Kaka aliingia mezani kwako akikubali wewe ndiye unayesimulia. Kumwambia "Kaka, nakuja kwako, sasa namsikiliza mganga" si kumvunjia heshima. Useme hivyo kwa sauti ya kawaida, kila mara, mpaka azoee. Na anza kila tukio na yule mkimya, siyo na mwenye sauti.

Nenda kwake. Usimwite kwako, usimwandikie kwenye kundi la familia, na usiende mikono mitupu. Mkishakunywa chai, mwanzo wa maneno uwe zimwi: "Kaka, nililidanganyia lile zimwi. Moto wako ulipaswa kuliumiza. Nilikuwa na kinyongo, nikakitoa kwa njia ya kitoto. Nisamehe." Kisha unyamaze. Usiweke "lakini" hapo, wala usimkumbushe dadu. Akishajibu, na huenda akajibu kwa kukucheka, ndipo useme la pili: "Kinyongo chenyewe kilikuwa cha ile pete. Aliumia, nami nilimwacha aumie mbele yangu. Sitaki tena mezani kwangu tuporane bila kukubaliana." Ni "mezani kwangu", ulitamke hivyo hivyo, na umtazame.

Mchawi wake arudi. Futeni pambano lile lote, anzeni tena mlangoni mwa pango, zimwi likiwa na pointi zake 84 na ngozi inayoungua. Pete nayo irudi, ila isirudishwe kwa hadithi ya mwizi wa usiku wala ndege wa ajabu. Semeni wazi kwamba lile halikutokea. Hadithi mliyoiharibu nje ya hadithi, itengenezeni nje ya hadithi.

Akikataa masharti? Basi aje Jumamosi ile nyingine, isiyo ya mchezo, mle naye pilau. Kochi la miezi saba lilikuwa deni la kweli na utalilipa maisha yako yote kwa njia nyingi. Haikupasi kulilipa kwa pete ya binti wa watu.

Kuna kitu kimoja cha kuweka kando ya sinia. John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X tu. Yeyote akiigusa, kinachosimuliwa kinarukwa, na haulizwi sababu. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni deko la watu wenye nafasi. Kisha nikamkumbuka kila msichana niliyemwona akiosha kikombe chake taratibu na kuaga vizuri. Sisi tumelelewa kutosema mbele ya wakubwa. Kadi inamsaidia asiyeweza kusema.

Mmarekani wenu: ndiyo, ni kosa, na ni dogo. Yeye ndiye aliyewafundisha mchezo, kisha mmemfungia mlango kwa lugha. Msikiache Kiswahili, kingewafia midomoni. Kifanyeni kiwe lugha ya watu fulani wa dunia yenu, wa pwani ya mbali, na mhusika wake awe anajifunza maneno matano kila kikao. Ila jambo linalohusu zamu yake au uhai wake lisemwe kwa lugha anayoielewa. Na mandazi msogezeeni, msimwache akiyatazama.

Mama mkubwa mjibu ukishatoka kwa kaka, siyo kabla, na umwambie ukweli, kwamba ulikuwa na hasira ya jambo jingine.

Lakini kabla ya kaka, na kabla ya sinia, yuko mmoja. Dada wa Kisumu hakuondoka kwa ajili ya moto. Aliondoka kwa sababu watu watatu walitazama akivuliwa pete naye bado anapigania roho, na mmoja wao akasema "haya". Mezani alinyimwa zamu, akajitafutia zamu kazini. Usimpigie kumwomba arudi, usimwombe amsamehe kaka, usimweleze habari za zimwi ulilolifuga kwa ajili yake, hakukutuma. Mwambie ulipaswa kusema hapana na hukusema. Akikaa kimya kwenye simu, kaa naye kimya. Mpigie leo, akitoka zamu, kama kweli ana zamu.

Shangazi